Juu ya Kubadili Kivinjari: Faida na Hasara Zake

Nia ya makala hii ni kueleza jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, nalo ni la mtu kuacha kivinjari cha intaneti alichokizoea na kushika kingine. Nimeulizwa habari zake mara nyingi hapa Mwanza: na wanafunzi, na walimu wenzangu, hata na wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, ambao siku hizi hutafuta bei na habari za hali ya hewa kwa simu. Aghalabu swali huja kwa maneno haya: "Kipi kilicho bora?" Mimi naona swali hilo halijibiki likiulizwa hivyo. Hakuna kivinjari kilicho bora kwa kila mtu na kwa kila kazi, kama vile hakuna chombo kimoja kifaacho kuvua dagaa usiku na kuvusha magari mchana. Lililo jema ni kupima; na mambo ya kupimwa ni manne: gharama, kazi, siri na lugha. Nitayaeleza moja moja, kisha nitasema taabu za kuhama kwenyewe, na mwisho nitatoa ushauri.

Huenda msomaji akashangaa kuona habari za namna hii katika jarida la watu wa lugha. Namwomba avumilie mpaka afike kwenye jambo la nne. Hapo ataona kwamba kuna kazi iliyotungoja sisi wenyewe, wala hatujaifanya.

1. Neno lenyewe

Kitenzi kuvinjari si kipya. Kilikuwa cha mabaharia na askari, na maana yake ni kwenda huku na huko, hasa kwa chombo majini, ukichunguza na kulinda. Istilahi za kompyuta zilipotungwa, kitenzi hicho kilipewa kiambishi cha vyombo, likapatikana neno kivinjari: chombo cha kuzungukia katika intaneti. Kwa mkazi wa kando ya ziwa neno hili halina ugumu, maana ameona mashua za doria zikivinjari.

Yako na maneno mengine. Wako wanaosema kisakuzi, neno linalotukumbusha kusaka. Magazeti na watu wa mitaani hupenda kitenzi kuperuzi, kilichotoka katika Kiingereza. Lakini wengi hawatumii neno lo lote kati ya hayo. Husema tu "nimeingia Google" au "nimeingia intaneti." Jambo hili si la kuchekwa, ila lina matokeo yake. Google ni jina la kampuni na la mtambo wake wa kutafutia. Intaneti ni mtandao wenyewe. Kivinjari ni chombo kimoja tu kati ya vyombo vya kuingilia humo. Mtu asiyekuwa na jina la kukiitia chombo alichoshika mkononi hawezi hata kufikiri kwamba chombo hicho chaweza kubadilishwa.

2. Kivinjari ni kitu gani

Kazi ya kivinjari ni kupeleka ombi kwa seva, yaani kompyuta inayotunza kurasa, kisha kupokea maandishi ya msimbo na kuyageuza yawe ukurasa unaosomeka, wenye picha, rangi na vibonyezo. Kivinjari cha kwanza kilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika mwaka 1990, alipokuwa akifanya kazi CERN huko Uswisi. Mwaka 1993 kikatokea Mosaic, mwaka 1994 Netscape, na mwaka 1995 Internet Explorer ya kampuni ya Microsoft. Firefox ya kwanza ilitolewa mwezi Novemba 2004, na Chrome ya Google mwezi Septemba 2008. Siku hizi Chrome peke yake hutumiwa kwa karibu theluthi mbili za matumizi yote ya vivinjari duniani.

Historia hii fupi ina funzo moja. Internet Explorer, ambayo wakati mmoja ilitawala kompyuta karibu zote, ilifungwa rasmi tarehe 15 Juni 2022. Waliokuwa wakisema hawatabadili kamwe walibadilishwa kwa nguvu. Basi swali si kama utabadili au hutabadili. Swali ni kama utabadili kwa hiari na kwa matayarisho, au utabadilishwa siku usiyoitaka.

Tena yafaa tujue kwamba majina ni mengi kuliko vyombo. Ndani ya kila kivinjari mna injini, nayo ndiyo inayochora ukurasa. Opera iliacha injini yake yenyewe katika mwaka 2013 ikachukua ile ya Chrome. Edge ya Microsoft ilifanya vivyo hivyo mwezi Januari 2020. Kwa hiyo mtu ahamaye kutoka Chrome kwenda Edge amebadili rangi ya mtumbwi, lakini mashine inayousukuma ni ile ile. Injini zilizosalia nje ya ukoo huo na zenye watumiaji wengi ni mbili tu: ile ya Firefox iitwayo Gecko, na ile ya Safari ya kampuni ya Apple iitwayo WebKit. Mwenye iPhone hapa kwetu ajue kwamba kila kivinjari atakachoweka humo, liwe jina lake lo lote, hutumia WebKit kwa ndani.

3. Gharama

Kwa mtu wa Ukerewe au Sengerema anunuaye bando dogo la siku moja, gharama ndiyo hutangulia. Tuchukue mfano. Ukurasa wa kawaida wa siku hizi, pamoja na picha na matangazo yake, waweza kufika megabaiti 2. Mwenye bando la megabaiti 500 atasoma kurasa 250 za namna hiyo, kisha bando limekwisha. Akitumia kivinjari kinachopunguza uzito huo kwa asilimia 90, bando lile lile litamsomea kurasa 2,500. Hiyo si tofauti ndogo.

Kivinjari maarufu cha aina hiyo ni Opera Mini, kilichoenea duniani kuanzia mwaka 2006, wakati simu nyingi za Afrika zilikuwa zile ndogo za vibonyezo. Asilimia 90 niliyoitaja ni kikomo kinachotajwa na watengenezaji wenyewe. Kwa kurasa nyingine upungufu huwa mdogo kuliko huo. Namna kinavyofanya kazi katika hali yake ya kubana sana yaweza kuelezwa kwa mfano wa dagaa. Mvuvi wa visiwani hapeleki dagaa wabichi Mwaloni. Huwaanika kwanza, wakapungua uzito, ndipo husafirishwa magunia kwa magunia. Vivyo hivyo ukurasa hauji moja kwa moja kutoka kwa mwenye tovuti mpaka kwenye simu yako. Hupitia kwanza katika seva ya Opera, ambako hukaushwa: picha hupunguzwa na msimbo hufanyiwa kazi huko huko, kisha kinacholetwa kwako ni kifurushi chepesi.

Faida yake ni wazi. Lakini dagaa aliyekaushwa haogelei tena. Ukurasa uliokaushwa hupoteza sehemu ya uhai wake, na hasara hiyo nitaieleza katika fungu linalofuata. Google nao walikuwa na mpango wa kupunguza data ndani ya Chrome ya simu, lakini waliuondoa mwezi Machi 2022. Tangu hapo mtumiaji wa Chrome anayetaka kubana matumizi hana msaada wa namna hiyo.

Iko njia nyingine ya kupunguza gharama, nayo ni kuzuia matangazo. Firefox ya simu za Android hukubali viongezo, na kimoja chao, uBlock Origin, huzuia matangazo kabla hayajapakuliwa. Chrome ya simu haikubali viongezo kama hivyo, na ile ya kompyuta ilikiondolea uBlock Origin nafasi yake hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2024. Hata hivyo, haki yadai tuseme upande wa pili: magazeti yetu yasomwayo bure katika intaneti hulipwa na matangazo hayo hayo. Mwenye kuyazuia yote ameokoa bando lake, lakini amemnyima mwandishi ujira.

4. Kazi

Jambo la pili ni kama kivinjari chafaa kwa kazi uliyo nayo. Kusoma habari ni kazi moja. Kujaza fomu ya maombi, kupakia vyeti na kulipa ada ni kazi nyingine. Kurasa za kazi hii ya pili hutegemea msimbo unaotembea ndani ya kivinjari chenyewe, wakati ule ule unapoandika. Hukagua tarehe, hufungua sehemu mpya za fomu, hupokea faili. Kivinjari kinachofanyiwa kazi hizo mbali, kwenye seva, mara nyingi hushindwa katikati ya njia.

Binti wa dada yangu, aliyekuwa akikaa Nansio, alinipigia simu jioni moja akilia. "Mjomba, shikamoo. Nimejaza fomu mara tatu, na kila nikibonyeza haiendi. Kesho ndiyo mwisho." Nilimwuliza fomu ilikuwa ya ofisi gani, na simu yake imewekwa namna gani. Kumbe alikuwa akitumia kivinjari chenye hali ya kubana data, kwa sababu ndicho kilichomwezesha kusoma mwaka mzima kwa fedha kidogo. Nilimwambia afungue ukurasa ule ule kwa kivinjari cha kawaida kilichokuja na simu. Fomu ilikwenda saa nne ya usiku. Bando lake liliisha kwa fomu hiyo moja, ikabidi nimtumie fedha ya kununua jingine, lakini maombi yalipokelewa.

Kosa lilikuwa la nani? Wenye ofisi wangeweza kuandika juu ya ukurasa wao kwamba hali ya kubana data haifai kwa fomu ile. Nami, mjomba mtu, ningeweza kumweleza mapema. Yeye hakukosa kitu. Alishika chombo chema, akakitumia kwa safari ambayo hakikuundiwa. Kwa hiyo nasema: mtu asihukumu kivinjari kwa jumla; akihukumu kwa kazi.

Upande huu Chrome na jamaa zake wana nguvu kubwa, kwa sababu watengenezaji wa tovuti huzijaribu kwanza kwa Chrome, na wengine hawajaribu kwa kingine cho chote. Mtumiaji wa Firefox atakuta mara moja moja ukurasa unaokataa au unaokwenda kombo. Hiyo ni hasara ya kweli kwa ahamaye. Lakini ni hasara inayojizalisha: kadiri watu wachache wanavyotumia injini nyingine, ndivyo watengenezaji wanavyozidi kuisahau.

5. Siri

Jambo la tatu ni siri za mtumiaji. Hapa yafaa tutazame neno kidakuzi. Hiki ni kijifaili ambacho tovuti huweka katika kivinjari chako, ili ukirudi ikutambue. Kwa Kiingereza kimepewa jina la biskuti, jina tamu lisilosema lo lote juu ya kazi yake. Msikilizaji wa Kiswahili, kinyume chake, atasikia ndani ya kidakuzi mwangwi wa udaku, yaani habari za watu zinazochukuliwa huku na kupelekwa kule. Naona hapa lugha yetu imesema kweli zaidi kuliko ile tuliyoipokea. Vidakuzi vingine ni vya lazima, kwani bila hivyo usingeweza kubaki ndani ya barua pepe yako. Lakini vingine huwekwa na wauza matangazo, vikufuate kutoka tovuti hii mpaka ile.

Vivinjari havilingani katika kuvizuia. Firefox na Safari huzuia vingi vya kufuatilia watu bila kuombwa. Chrome ni mali ya kampuni ambayo mapato yake makubwa ni ya matangazo, na Google walitangaza kwa miaka kadhaa kwamba wangeviondoa vidakuzi vya watu wa nje, kisha katika mwaka 2024 wakaacha mpango huo. Lakini Firefox nayo si kisiwa. Sehemu kubwa ya mapato ya wenye Firefox, yaani Mozilla, hutoka kwa Google, ambao hulipa ili mtambo wao wa kutafutia uwe wa kwanza ndani ya Firefox. Mwezi Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google ilikuwa imehodhi biashara ya utafutaji kinyume cha sheria. Na mwezi Septemba 2025 jaji yule yule akakataa kuilazimisha kuiuza Chrome. Kwa hiyo anayehama kwa nia ya kuikimbia Google ajue kwamba hajafika mbali kama anavyodhani.

Kuhusu hali ya kubana data, liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ukurasa wa benki hufungwa kwa siri kati ya benki na kivinjari chako, asiweze mwingine kuusoma njiani. Lakini seva inayokausha ukurasa haiwezi kuukausha bila kuufungua kwanza. Basi katika hali ile ya kubana sana, mtu wa kati ameingizwa penye siri. Sisemi kwamba mtu huyo ni mwizi. Nasema tu kwamba yupo, na kwamba mambo ya fedha yasipitishwe kwake.

Hali kadhalika, msomaji asidanganyike na kile Chrome ya Kiswahili inachokiita hali fiche. Hali hiyo huwaficha wale wanaoshika simu yako baada yako, maana haiachi historia. Haimfichi mwenye mtandao wala mwenye tovuti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo humpa mtu haki juu ya habari zake. Lakini sheria humlinda zaidi yule ajuaye kwamba habari zake zimechukuliwa.

6. Lugha

Sasa nafika kwenye jambo la nne. Chrome hupatikana kwa Kiswahili, katika simu na katika kompyuta. Ukiiweka hivyo utaona maneno mipangilio, alamisho, kichupo, vipakuliwa, ruhusu na zuia. Baadhi yake yametungwa vizuri. Alamisho latokana na alama, na mtu akiliona mara moja halisahau. Kichupo ni gumu zaidi, kwa sababu asiyeambiwa hawezi kulikisia.

Nilipata kuwaomba wanafunzi wa darasa langu moja waweke simu zao katika Kiswahili kwa juma moja. Wengi walirudi kwenye Kiingereza kabla juma halijaisha. Mmoja akaniambia: "Mwalimu, pa kubonyeza napajua, ila kwa Kiswahili sijui panaitwaje." Jibu hilo lilinifikirisha sana. Kijana huyo huzungumza Kiswahili mchana kutwa, lakini chombo hiki amefundishwa na wenzake kwa Kiingereza, na sasa Kiswahili ndicho kinachoonekana kigeni. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisoma ng'ambo, nilitumia Kiingereza miaka mingi bila kujiuliza, kwa hiyo siwezi kumlaumu.

Shangazi yangu ni mtu wa namna nyingine. Anasoma Kiswahili vizuri, na Kiingereza hakijui. Simu yake ilipokuwa kwa Kiingereza, kila dirisha dogo lililojitokeza alilibonyeza upande ule ule, apate kuendelea na shughuli yake. Kwa njia hiyo tovuti nyingi zilikuwa zimepewa ruhusa ya kumletea matangazo, na nyingine kujua mahali alipo. Nilipombadilishia lugha, alisoma kwa sauti: "Ruhusu. Zuia." Akacheka, akasema, "Kumbe siku zote nilikuwa nikiulizwa, mwanangu, nami nikiitikia tu." Tangu siku hiyo huzuia. Kwake yeye, lugha ya kivinjari si pambo wala si suala la heshima ya taifa, ni ulinzi. Onyo lisilosomeka si onyo.

Basi je, Firefox, ambayo nimeisifu kwa kulinda siri, inasema Kiswahili? Haisemi. Katika orodha ya lugha ambazo Firefox ya kompyuta hutolewa, Kiswahili hakimo. Kimo Kiacholi cha Uganda ya kaskazini, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, ambao idadi yao ni ndogo mno ikilinganishwa na ya Waswahili. Kimo Kixhosa cha Afrika Kusini, kimo Kifula, na kimo Kisonghai cha Mali. Sababu si kwamba wenye Firefox wanatudharau. Tafsiri za Firefox hufanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea, na mlango wao u wazi kwa ye yote. Waacholi walipata watu wa kuifanya kazi hiyo wakaimaliza. Sisi tulio mamilioni, wenye taasisi, mabaraza, makamusi na majarida, hatujaimaliza.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hatuna uwezo. Katika mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Tena mwaka 2021 Mozilla hao hao walipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya kukuza mradi wa kukusanya sauti za Kiswahili, ili mashine zijifunze kutusikia. Kwa hiyo sauti zetu zinakusanywa, lakini kivinjari cha wale wanaozikusanya hakina neno letu hata moja katika orodha zake.

Matokeo yake ni haya: msemaji wa Kiswahili atakaye ulinzi zaidi wa siri hana budi kuiacha lugha yake, na yule atakaye lugha yake hana budi kubaki na kampuni ya matangazo. Shangazi yangu siwezi kumhamishia Firefox, ijapokuwa ningependa. Nikifanya hivyo nitakuwa nimempunguzia wadaku wachache, na papo hapo nimemrudisha katika giza la kuitikia asichokielewa.

7. Taabu za kuhama

Hata mtu akiisha kupima na kukata shauri, kuhama kuna taabu yake. Kubwa kuliko zote ni nywila, yaani maneno ya siri. Kivinjari hutukumbukia nywila zetu kwa miaka mingi mpaka sisi wenyewe tunazisahau. Nilipobadili kivinjari katika kompyuta yangu, nilikifuta cha zamani siku ile ile, kwa haraka ya mtu aliyenunua kiatu kipya. Kesho yake nilikuwa sina njia ya kuingia katika akaunti tatu. Mojawapo ilifungamana na namba ya simu niliyokuwa nimeiacha zamani, na kuipata tena kulinichukua majuma mawili. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Kwa hiyo ahamaye afuate utaratibu huu. Kwanza, aweke kivinjari kipya bila kukifuta cha zamani, avitumie vyote viwili kwa muda wa mwezi mmoja. Pili, ahamishe alamisho na nywila zake kwa njia iliyomo katika mipangilio ya kivinjari. Akitoa nywila katika faili, akumbuke kwamba faili hiyo husomeka na ye yote aishikaye, basi aifute mara baada ya kuitumia, na asiiache kamwe katika kompyuta ya kibanda cha intaneti. Tatu, ahakikishe namba ya simu iliyoandikwa katika akaunti zake ni ile anayoitumia sasa. Nne, ajaribu kurasa zake za lazima, yaani za benki, za chuo na za kodi, kabla hajahitaji kuzitumia kwa haraka. Tano, asihame katika juma la kufunga maombi au la mitihani.

8. Ushauri

Nikikusanya yote niliyoyasema, maoni yangu ni haya. Kwa mtu mwenye fedha kidogo ya bando asomaye habari nyingi, kivinjari cha kubana data ni chombo chema, asikiache; ila kwa fomu, benki na kila penye nywila atumie cha kawaida. Kwa mtu ajuaye Kiingereza vya kutosha na mwenye kuandika mambo yasiyotakiwa kuonwa na watu, kuhamia Firefox kuna faida kuliko hasara, mradi avumilie kurasa chache zinazokwenda kombo. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, abaki na Chrome iliyowekwa katika Kiswahili, na aliye karibu naye ajuaye zaidi akae naye nusu saa kumwonyesha ruhusa na vidakuzi. Kwa watu wengi wa kando ya ziwa hili jibu la kweli si kuhama, bali ni kuwa na viwili na kujua kazi ya kila kimoja. Mvuvi hachomi mtumbwi wake kwa sababu amenunua mashua.

Yule anayehama kutoka kivinjari kimoja kwenda kingine chenye injini ile ile, kwa sababu tu amesikia ni kipya, ajue kwamba amejipa taabu yote ya kuhama na kupata sehemu ndogo ya faida yake.

Imebaki ile kazi yetu. Maneno ya kivinjari si bahari. Ni vifungu vifupi vifupi, na vingi vyake vimekwisha kupatiwa istilahi. Darasa moja la tafsiri, likigawana kazi kwa mihula michache chini ya mwalimu mwangalifu, lingeweza kulisogeza jambo hili mbali sana, na wanafunzi wangejifunza humo mambo ya istilahi ambayo siwezi kuwafundisha kwa ubao. Muhula ujao nakusudia kuanza na darasa langu hapa Mwanza. Tutakutana bila shaka na kichupo, na tutagombana juu yake. Wenzangu wa vyuo vingine watakaopenda kugombana pamoja nasi wanakaribishwa. Na atakayeona nimekosea katika maelezo haya, namwomba anisahihishe katika kurasa za jarida hili.